Maikrofoni ilifika maji makavu: uchambuzi wa makala moja ya redio kuhusu wakulima wa mwani

Makala tunayoichambua hapa ni ya redio, ya dakika 8, kuhusu kilimo cha mwani katika kijiji cha pwani wilayani Micheweni, Pemba. Tumeiunda wenyewe kwa ajili ya uchambuzi, kwa kukusanya mahali pamoja makosa yanayojirudia kwenye makala za aina hii, kwa hiyo hakuna redio wala mtangazaji anayenyooshewa kidole. Mambo ya mwani, ya maji na ya kazi ni kama yalivyo. Aliyetengeneza makala ni mtangazaji msichana, mchapakazi, na hakuwa na nia mbaya na mtu. Tumemfanya hivyo kwa makusudi, maana wengi hudhani ukimpa mwanamke maikrofoni basi tatizo la jinsia limekwisha.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Mtangazaji alipata lifti kwenye gari ya afisa aliyekuwa akienda kijijini kukagua vikundi. Wakafika saa 4 asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, alikuwa ameshaarifiwa, viti vimepangwa barazani. Akahojiwa afisa, akahojiwa mnunuzi wa mwani aliyekuwepo kwa shughuli zake, akahojiwa sheha. Mwenyekiti wa ushirika wa wanawake aliitwa kutoka pwani, akaja mbio na nguo zimerowa mpaka magotini, akasema maneno mawili matatu, akarudi. Kama saa 7, maji yakiwa yanajaa, wanawake wakapanda na mafurushi ya mwani huku wanaimba. Mtangazaji akarikodi wimbo. Akatembea nao mpaka kwenye vichanja vya kuanikia, akaongea na mkulima mmoja kwa dakika 9 nzima. Gari ikapiga honi.

Makala ikarushwa. Tuipime.

Kipimo cha kwanza wengi hukijua: kuhesabu vichwa. Ndicho kinachotumika pia katika mradi wa kimataifa wa ufuatiliaji wa habari, GMMP, ambao tangu 1995 huchukua siku moja kila baada ya miaka 5 na kuhesabu watu wanaoonekana, wanaosikika na wanaotajwa kwenye habari duniani. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu hao. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. (Mwaka huohuo wa 1995 ndipo Mkutano wa Dunia wa Wanawake wa Beijing, Katibu Mkuu wake akiwa Mtanzania Gertrude Mongella, ulipoweka wanawake na vyombo vya habari kuwa moja ya maeneo 12 ya kufanyiwa kazi. Robo karne, nyongeza ya pointi 8 za asilimia.)

Makala yetu ina wahojiwa wanne: afisa, mnunuzi, sheha, mwenyekiti. Mwanamke ni mmoja kati ya wanne. Asilimia 25 kamili! Kwa hesabu ya vichwa imelingana na wastani wa dunia wa mwaka 2020, na mhariri angeweza kuiandika kwenye ripoti yake bila wasiwasi.

Sasa chukua saa ya simu, weka makala, na uandike sekunde za kila sauti. Masimulizi ya mtangazaji ni sekunde 185. Afisa 122. Mnunuzi 71. Sheha 44. Wimbo wa wanawake 24. Mwenyekiti wa ushirika 16. Mawimbi na kiashirio cha kipindi 18. Jumla 480, yaani dakika 8. Wahojiwa wote kwa pamoja wamezungumza sekunde 253, na wanaume watatu wamechukua 237 kati ya hizo. Mwanamke ameachiwa 16, chini kidogo ya asilimia 7, katika makala inayohusu kazi ambayo hapa Zanzibar wengi mno wa wanaoifanya ni wanawake, na imekuwa hivyo karibu tangu kilimo cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989.

Sekunde 16 zenyewe zilisema nini? "Kwanza tunashukuru kwa kututembelea. Tunaishukuru serikali na wafadhili kwa kutuletea kamba na taitai. Na sisi akina mama wa hapa tunaomba wazidi kutushika mkono, ahsanteni sana." Hapo pana shukurani na ombi, na shukurani nyengine ya kufungia. Bei hakuitaja, wala mwani wenyewe. Mtu aliyetolewa majini mbio, akasimamishwa mbele ya afisa, sheha na mnunuzi wa mwani wake, angesema nini zaidi? Hayo ndiyo maneno ya barazani. Swali alilotupiwa nalo lilikuwa "Mama, unatoa wito gani?", na swali la wito hujibiwa kwa wito.

Kuhesabu sekunde hakutoshi, kwa sababu Kiswahili kinaficha. Lugha yetu haina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume; mkulima ni mkulima, mvuvi ni mvuvi, daktari ni daktari. Watu hujisifu kwa hilo, na ni kweli ni neema. Lakini upendeleo ukikosa pa kukaa kwenye kiwakilishi huhamia kwingine, na kwa Kiswahili makazi yake makubwa ni matatu: kauli ya kitenzi, cheo, na neno la jumla.

Anza na kitenzi. Chapisha masimulizi ya mtangazaji kwenye karatasi, chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji au mtendwa wake ni wanawake wa kijiji. Kwenye makala hii vipo 14, na 10 kati yake vina ‑w‑ ya kutendwa: waliwezeshwa, walihamasishwa, walipatiwa, walifundishwa, walikusanywa, wamekombolewa, na ndugu zao. Kwa afisa ni "tumetoa", "tumefundisha", "tunasimamia". Hakuna sentensi hata moja ambamo mwanamke anapigilia kijiti, anafunga mbegu, anavuna au anaanika. Msikilizaji wa Chake Chake au wa Mjini Unguja atamaliza dakika 8 akidhani mwani unalimwa na ofisi, na wanawake wanaupokea. "Kuwezeshwa" ndilo neno lililochoka kuliko yote katika vyumba vyetu vya habari, na tungeshauri lifungiwe kabatini mwaka mzima.

Cheo hakihitaji maelezo mengi. Afisa katajwa kwa jina kamili na wadhifa mara tatu. Mnunuzi ni "Bwana" na jina. Mwenyekiti, ambaye ana wadhifa wa kuchaguliwa na vitabu vya hesabu vya ushirika chini ya kitanda chake, ni "mama mmoja mwanachama wa kikundi".

Neno la jumla ni "akina mama". Lina heshima, na hakuna anayelipinga mitaani. Kwenye habari, hata hivyo, linameza watu. Ndani yake wamo msichana aliyemaliza skuli juzi, mjane mwenye kamba 100, bi mkubwa anayetafuta chaza na kufunga mbegu za wenziwe kwa malipo, na mke wa mtu ambaye hajazaa. Wanaume hawaitwi "akina baba" wakiwa kazini. Huitwa wavuvi, wanunuzi, manahodha. Kama habari ni ya kazi, mwite mtu kwa kazi yake: mkulima wa mwani. Kisha muulize mwenyewe anataka atajwe vipi. Kwa pwani yetu wapo wanaopenda "Bi" na jina lao, wapo wanaopenda "mama Fulani" kwa jina la mtoto wa kwanza, na wapo wasiotaka jina lao lisikike kabisa. Ukiuliza kabla ya kuwasha kinasa sauti hupotezi hata nusu dakika.

Tuutazame ufunguzi wa makala neno kwa neno, maana humo ndimo msikilizaji anapopewa miwani ya kuangalia yote yanayofuata:

"Kisiwa cha Pemba, licha ya umasikini unaowakabili wakaazi wake, kimejaaliwa bahari. Akina mama wa kijiji hiki, ambao hapo awali walikuwa wakikaa tu majumbani, sasa wamewezeshwa kulima mwani na wanapata fedha kidogo za kuwasaidia waume zao."

Sentensi mbili tu, na kundi lililochorwa vibaya si wanawake peke yao. Pemba imeingia kwa mlango wa umasikini, kama inavyoingia karibu kila mara isipoingia kwa karafuu au kwa uganga. Mpemba akisikiliza kituo cha kwao anajisikia akisimuliwa kwa mgeni. Kisha "wakikaa tu majumbani". Kabla ya mwani wanawake wa pwani walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, wakiyafukua yakiisha kulainika, wakiyaponda kwa magongo kupata usumba, wakisokota kamba. Walikuwa wakishuka kuchokoa chaza na pweza, wakisuka makuti, wakilima mihogo na mpunga. Hiyo "tu" ni uongo wa herufi mbili. Na "fedha kidogo za kuwasaidia waume zao": mtangazaji hakuuliza ni kiasi gani, wala zinalipia nini. Pesa za mwani zimelipa sare na madaftari, zimenunua matofali na mabati, katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba. Mwanamume akijenga kwa pesa za samaki hatusemi anamsaidia mkewe.

Mtangazaji akiambiwa haya atajibu: wanawake hawakuwepo, nifanyeje? Jibu hilo ndilo kiini cha kisa, na ufumbuzi wake umo kwenye maji.

Mwani hulimwa kwenye maji machache. Vijiti hupigiliwa mchangani kwa mistari, kamba hufungwa kijiti hadi kijiti, na mbegu (kipande cha mwani mbichi) hufungwa kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Wiki sita hivi baadaye huvunwa. Kazi hiyo hufanyika maji yakiwa yamepwa sana, na hayapwi sana kila siku. Yanapwa sana wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na siku chache baada ya mwezi mpevu. Na katika visiwa vyetu, siku za bamvua maji huwa makavu kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu, yaani zile za kati ya bamvua na bamvua, hukauka alasiri, na hata hapo hayaendi mbali.

Kwa hiyo mtangazaji aliyefika saa 4 asubuhi siku ya pili baada ya mwezi mpevu alifika katika saa ileile ambayo mkulima wa mwani hawezi kuwa popote isipokuwa baharini. Saa ya ofisi na saa ya bahari ziligongana, na ofisi ikashinda kwa sababu gari ilikuwa ya ofisi. Waliokaa barazani ni wale ambao kazi yao haitegemei maji. Hakukuwa na njama yoyote, ila ratiba, na ratiba hiyohiyo ikirudiwa miaka 20 inazaa kisiwa ambacho kwenye redio kina maafisa wanaozungumza na wanawake wanaoimba.

Dawa yake ni kalenda ya Hijria, ambayo iko ukutani katika nyumba nyingi. Kati ya tarehe 29 na 3, na kati ya 14 na 18, ni bamvua: ukitaka kurikodi kazi yenyewe nenda siku hizo, uwe pwani saa 3 na nusu, uvae viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba, na ushuke nao majini. Ukitaka mazungumzo marefu ya bei, madeni na hesabu za ushirika, nenda siku za maji mafu, baada ya chakula cha mchana, mikono ikiwa imetulia. Siku za kuanika, mbili au tatu baada ya kuvuna kama hakuna mvua, nazo ni nzuri. Mtu anageuza mwani huku anaongea, na mikono ikiwa na kazi ulimi huwa mwepesi. Na usipande gari ya afisa. Ukishuka nayo, umeshawaambia wanakijiji wewe ni wa nani.

Zile dakika 9 za mkulima kwenye vichanja zilikwenda wapi? Alikuwa anaeleza mzani: kwamba mnunuzi hukata kilo kadhaa kwa kila polo (gunia) kwa sababu ya mchanga na unyevu, na kwamba hakuna anayejua hukatwa kwa kipimo gani. Anaeleza pia kwamba kamba na taitai walizokopeshwa na mnunuzi huyohuyo zinawafunga kumuuzia yeye. Hiyo ndiyo habari yote! Haikurushwa kwa sababu, kwa maneno ya fundi mitambo, "sauti imejaa upepo".

Fundi hakudanganya. Kusi likivuma, maikrofoni isiyovikwa kitu hupokea mngurumo unaofunika maneno, na hakuna programu itakayousafisha wote. Lakini angalia matokeo: ofisini mna kuta, pwani hamna. Kigezo cha "sauti safi" kikitumika bila kufikiri, humchuja kila mtu anayefanya kazi nje, yaani wakulima, wachuuzi, wavuvi na wachota maji. Maikrofoni ivishwe sponji, na juu yake kifuniko cha manyoya. Ukikosa, soksi nene iliyokunjwa mara mbili hupunguza mengi. Simama mgongo wako ukielekea upepo, umkinge msemaji kwa mwili wako. Shika maikrofoni shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele kabisa. Washa kichujio cha sauti nzito kama kinasa sauti chako kinacho. Kaa upande wa pili wa ukuta, wa ngalawa iliyopandishwa, wa banda. Na kama yote yameshindikana, sikiliza, andika, soma maneno yake kwenye masimulizi kwa jina lake. Jambo lililosemwa kwenye upepo halipungui ukweli.

Wimbo nao. Sekunde 24, zikashushwa chini ya masimulizi baada ya nne za mwanzo, kiasi kwamba neno halisikiki. Wanawake wamewekwa pale walipowekwa mawimbi, kuleta hali ya pwani. Hili linasikitisha zaidi hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu huku ndiko kwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na ambaye nyimbo zake zilibeba kesi za mahakamani na dhulma za mjini kama gazeti. Nyimbo za kazi mara nyingi ndimo malalamiko yanamopitishwa kwa mafumbo, mbele ya mwenyewe asijue. Mwachie msikilizaji beti mbili wazi, bila kusemea juu yake.

Utaalamu pia uliachiwa afisa peke yake. Alieleza kwamba mwani "unakufa kwa sababu ya joto", kisha akawalaumu wakulima kwa kutokufuata maelekezo. Ilistahili kufafanuliwa. Mwani wa bei nzuri ni ule unaoitwa kotonii, na ndio unaoumia zaidi maji ya pwani yanapopata joto: matawi hugeuka meupe, hulegea, hukatika. Aina nyengine, spinosamu, huhimili zaidi lakini bei yake ni ya chini. Kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina kunasaidia, ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea, vitu viwili ambavyo wanawake wengi wa pwani hawakupewa nafasi navyo. Yaani suluhisho la kitaalamu linaweza kuhamisha mwani wa thamani kutoka mikono ya wanawake kwenda ya wanaume bila mtu yeyote kupitisha azimio. Hilo lilikuwa swali la kumuuliza afisa. Na asiseme mtu kwamba mtaalamu mwanamke hapatikani: mtafiti wa mwani anayejulikana kuliko wote Zanzibar ni mwanamke, Dk. Flower Msuya.

Upande wa wanaume makala imekosea vilevile, kwa njia nyengine. Kwenye kijiji wapo wanaume wachache wanaolima mwani. Wengi walijaribu zamani, wakaona malipo hayalingani na kazi, wakarudi kwenye uvuvi, waliobaki hutaniwa. Hawakutafutwa. Kila tunaposema "mwani ni kazi ya akina mama" kama tunavyosema jua hutoka mashariki, tunamfungia kijana mlango, na tunampa mnunuzi sababu ya kulipa bei ya "pesa ya sabuni".

Picha iliyowekwa kwenye ukurasa wa redio ni ileile: wanawake wameinama, migongo kwa kamera, bahari ya buluu, maelezo "Akina mama wakivuna mwani". Kwa Paje na Jambiani picha hiyo huuzwa hata kwa watalii. Ukiomba ruhusa, ukakubaliwa, piga uso na mikono. Asipotaka uso, piga mikono ikifunga taitai kwa karibu, uandike kinachofanyika na anayefanya.

Ufunguzi ungeweza kuwa hivi: "Bi Fulani ana kamba 80 baharini, na leo anavuna 30. Ukikauka, mwani huu utapungua uzito kiasi kwamba kilo 7 mpaka 10 za mbichi zitabaki kilo 1. Kisha utapanda kwenye mzani, na mzani huo ndio anaougombania." Vitenzi ni vyake. Baada ya hapo mwachie maikrofoni dakika nzima, bila kumkatiza.

Kuna ugumu mmoja ambao mapendekezo haya hayaumalizi. Mkulima aliyezungumza juu ya mzani anadaiwa kamba na mnunuzi. Sauti yake ikirushwa, kesho polo lake linaweza kukataliwa kwa kisingizio cha mchanga. Kubadilisha sauti kwa mashine hakumfichi katika kijiji cha wakulima 40. Watamjua kwa kikohozi, kwa lafudhi ya mtaa, kwa jinsi anavyocheka. Mwambie hivyo waziwazi kabla hajakubali, na akikataa ukubali. Habari bado inapatikana bila yeye. Beba kutoka dukani mifuko miwili ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, nenda siku ya mauzo watu wote wakiwepo, na umwombe mnunuzi aitundike kwenye mzani wake, uone kama itasoma kilo 2. Rikodi anachosema. Kisha tia mchanga mkavu kwenye polo, upime, na umuulize anakata kilo ngapi, na kwa nini.